Kisanduku kimoja kwa wiki: useremala mdogo wa mstaafu baada ya kiharusi

Mstaafu aliyepatwa na kiharusi akarudi nyumbani huambiwa mambo mawili na karibu kila anayekuja kumjulia hali: pumzika, na usikae bure. Yote mawili ni ya kweli, ila hakuna anayemweleza namna ya kuyaingiza katika siku moja. Kutembea asubuhi ni nusu saa. Mazoezi aliyopewa hospitalini ni nusu saa nyingine, nayo yakirudiwa nyumbani huichosha akili kabla ya misuli, maana kufumba na kufumbua kiganja mara thelathini hakuachi kitu cha kushika. Kisanduku cha mbao kinaacha, na njiani kinadai kiganja kile kile kifumbe na kufumbua mara nyingi zaidi bila mtu kuhesabu.

Kisanduku, si kigoda wala kabati. Kigoda hubeba uzito wa mtu, kwa hiyo kiungo kikikosewa kuna anayeanguka. Kabati lina mbao ndefu za kugeuzwageuza, kazi inayotaka mikono miwili mizima. Kisanduku cha kuwekea dawa na miwani, chenye urefu wa milimita 240, upana 130 na kimo 80 bila mfuniko, hakifiki kilo moja kikikamilika, hutengenezwa mtu akiwa amekaa, na kipande kikiharibika hasara ni mbao ya sentimita 24. Zaidi ya hayo, kina mapumziko ndani yake. Gundi lazima ikae. Mafuta lazima yakauke. Watumishi waliosaini daftari la mahudhurio saa 1:30 asubuhi kwa miaka thelathini wengi wao hawajui kupumzika. Gundi huwaondoa mezani bila ya wao kuhisi kwamba ni ugonjwa uliowaondoa. Hiyo ni sababu kubwa kuliko zote.

Ruhusa kwanza

Daktari na mtaalamu wa utengemao, yaani anayemsaidia mgonjwa kurudisha uwezo wa viungo, waulizwe mambo manne kabla ya mbao kununuliwa. Je, upande mmoja wa macho umepoteza sehemu ya kuona? Je, mkono ulioathirika bado unahisi joto, baridi na ncha ya sindano? Je, kuna degedege lililofuata kiharusi? Na dawa anazotumia zinafanya damu ichelewe kuganda? Jibu la ndiyo kwa macho au degedege linaondoa kabisa mashine za umeme za kukata. Mkono usiohisi haukatazwi kazi, lakini haukai mbele ya patasi hata mara moja, kwa sababu mwenyewe atajua amejikata pale atakapoona damu kwenye mbao. Anayetumia aspirini, klopidogreli au wafarini aweke kitambaa safi karibu na meza. Jeraha dogo libanwe kwa dakika 10 hadi 15 bila kufunuafunua kutazama, na likikataa kukoma aende kituo cha afya.

Presha ipimwe kabla ya kuanza, mtu akiwa ameketi kimya dakika 5. Miongozo mingi ya mazoezi kwa wagonjwa wa moyo na mishipa haitaki mtu aanze ikiwa namba ya juu imepita 180 au ya chini imepita 110. Daktari wake anaweza kumwekea kikomo cha chini zaidi, na hicho ndicho cha kufuata.

Kuna kosa lisiloonekana: kubana pumzi. Mtu akisukuma msumeno uliokwama au akikaza klempu, yaani kibanio cha mbao, hufunga koo na kujikamua, na presha hupanda papo hapo. Dawa yake ni kuhesabu mivuto ya msumeno kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na aliyepungukiwa na maneno baada ya kiharusi anapata mazoezi mawili kwa wakati mmoja.

Uchovu wa kiharusi nao haufanani na uchovu wa kazi. Huweza kuja kesho yake. Kwa hiyo kipimo cha kazi ya leo ni mkono wa kesho asubuhi: ukiamka mzito kuliko jana, muda upunguzwe nusu. Kuanzia, dakika 20 za kazi na 10 za kukaa tu, mara mbili asubuhi, zinatosha. Vidole vikianza kujikunja vyenyewe wakati wa kazi, huo ndio mwisho wa kipindi hicho, hata kama kipande kimebaki nusu.

Mbao

Kwa visanduku vya mwanzo, paina inatosha. Ile ya mashamba ya Sao Hill kule Mufindi inapatikana karibu kila mji, ni nyepesi na hukatika bila nguvu. Jihadhari na jambo moja: paina nyingi inayouzwa kwa ajili ya mapaa imetiwa dawa, na rangi yake huelekea kijani. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Haifai kwa kisanduku, vumbi lake halifai kwa pafu la mtu yeyote, na vipande vyake havichomwi jikoni.

Mkono ukizoea, mtiki wa Longuza au Mtibwa unapendeza, ingawa una chembe za silika zinazokula makali ya randa haraka na mafuta yanayozuia gundi kushika vizuri. Uso wa kuungia upitishwe msasa muda mfupi kabla ya gundi, si jana yake. Mninga ndio mbao bora kwa kazi hii. Husinyaa kidogo mno ukilinganisha na mbao nyingine nyingi, huranda vizuri na hauhitaji rangi. Chagua kiini chenye rangi ya kahawia. Ule weupe wa pembeni huliwa na wadudu, na baada ya miezi utaona unga mdogo chini ya kisanduku. Mpingo uachwe kwa wachongaji. Ni mgumu na mzito kupita kiasi kwa mkono unaorudi.

Kipimo cha kununua ni inchi mbili kwa sita, urefu wa futi 4. Kipande hicho kikiwa cha mninga mkavu kina uzito wa karibu kilo 6, hivyo kijana wa nyumbani akibebe. Kinapasuliwa mara mbili kwa unene, kinatoa mbao tatu za takriban milimita 14, na kila mbao ni kisanduku kimoja kamili pamoja na mfuniko wake.

Hapa ndipo wengi huharibu kabla hata ya kuanza. Mbao ikipasuliwa, uso wa ndani uliofichika huwa na unyevu kuliko wa nje, na ukirandwa siku hiyo hiyo hadi unene wa mwisho, wiki ijayo mbao imejikunja kama kigae cha paa. Basi iende mashine mara mbili. Mara ya kwanza ni kupasua tu. Kisha mbao zipangwe kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene ule ule kila sentimita 40, na kitu kizito juu. Kila wiki moja yao ipimwe kwenye mizani ya jikoni na uzito uandikwe kwa penseli kwenye mbao yenyewe. Ikisoma gramu zile zile wiki mbili mfululizo, imekubaliana na hewa ya mahali hapo. Ndipo irudi kurandwa hadi milimita 12.

Kisanduku kilichotengenezwa Tanga wakati wa masika na kupelekwa Dodoma kiangazi kitasinyaa, hata kama kila kitu kilifanywa sawasawa. Mfuniko wa paina au mtiki wenye upana wa milimita 140 unaweza kupungua milimita 1 au 2. Ndiyo maana mfuniko haufungwi kwa gundi kwenye kitu chochote kinachokatisha nyuzi zake.

Kazi ya mashine ni ya mashine

Wastaafu wengine hupokea kiinua mgongo na wazo la kwanza ni kununua msumeno wa meza. Hapana. Keko jijini Dar es Salaam, na karibu kila mji wenye mafundi wa samani, kuna mashine ya kupasua na kuranda inayofanya kazi ya asubuhi nzima kwa dakika chache. Kukata mbao ngumu kwa mkono kunakaribia kuuchosha moyo maradufu ya kazi ya kawaida ya karakana. Nguvu hiyo itunzwe kwa yale ambayo mashine haiyafanyi vizuri.

Kijana wa mashine apewe maelekezo kwenye karatasi, si kwa mdomo. Kila mbao ikatwe kipande cha milimita 800 kwa kuta na cha 300 kwa mfuniko. Kile cha kuta kichanwe upana wa 80, kingo zikiwa zimenyooka, kisha kipitishwe gruvu, yaani mfereji, ya upana wa milimita 4, kina 4, ikianzia milimita 6 kutoka ukingo wa chini. Gruvu hiyo ndiyo itakayokamata sakafu ya plaiwudi. Ukanda unaobaki usitupwe. Ndio wa kufanyia majaribio. Plaiwudi ya milimita 4 ikatwe vipande viwili kwa kila kisanduku: 223 kwa 113 cha sakafu, na 213 kwa 103 cha chini ya mfuniko.

Meza na zana

Mahali pawe barazani, penye upepo na kivuli, na pawe karibu na choo. Hilo la choo si mzaha kwa mtu anayemeza dawa ya presha inayokojosha kila asubuhi. Kiti kiwe na mikono, kisiwe na magurudumu, kimo chake karibu sentimita 45 ili nyayo zote mbili zikae sakafuni. Meza ya sentimita 70 hadi 75 inafaa, mradi viwiko vikiwa vimekunjwa viwe karibu na usawa wake. Meza ikiwa juu, bega hupanda, na bega la upande ulioathirika ni rahisi kuumizwa na ni gumu kutulia likishaumia.

Zana ni chache: msumeno mdogo wenye meno 14 hivi kwa inchi, randa ndogo ya kiganja, patasi ya milimita 12, guni ya kupimia pembe mraba, rula ya chuma, kisu cha kuwekea alama, klempu nne, nyundo nyepesi, drili ya chaji yenye biti ya milimita 3, na msasa namba 120, 180 na 240. Mipini ikiwa myembamba izungushiwe kipande cha tyubu ya baiskeli hadi unene wa sentimita 3 au 4. Kiganja dhaifu hukamata kitu kinene kwa urahisi kuliko chembamba.

Anayeweza kupata msumeno wa kuvuta, ule wa mtindo wa Kijapani, aupate. Bamba lake ni jembamba, hukata wakati wa kuvuta, na kuvuta kunadai nguvu ndogo ya bega kuliko kusukuma. Ila ubao wa kukatia ubadilishwe: kwa msumeno wa kusukuma, kizuizi kinakuwa upande wa mbali, kwa wa kuvuta, kinakuwa upande wako, la sivyo kila mvuto unaleta mbao tumboni.

Mbao ishikwe na klempu, kamwe si na mkono dhaifu peke yake. Na patasi inolewe kabla ya kazi, si baada ya kulalamika. Patasi butu inataka nguvu, nguvu inataka pumzi ibanwe, na mwishoni inateleza. Kinoo chenye maji kinatosha; asiye nacho abandike msasa wa maji namba 400 kisha 1000 juu ya kipande cha kioo kinene. Makali yenye pembe ya nyuzi 30 yanafaa kwa mbao hizi zote.

Siku za kukata

Jumatatu ni ya kupima tu na kuweka alama. Vipande vinne: viwili vya 240, viwili vya 106. Vile vifupi vinakaa katikati ya virefu, na ukijumlisha 106 na unene wa kuta mbili za milimita 12 unapata upana wa 130. Alama ikatwe kwa kisu kuzunguka pande zote nne, kwa sababu mstari wa penseli una unene na mkono unaotetemeka huuongezea mwingine. Kisu kinaacha mfereji ambao msumeno unaingia wenyewe.

Jumanne, kukata. Acha milimita 1 nje ya alama. Vichwa, yaani miisho iliyokatwa, hunyooshwa baadaye kwa randa juu ya ubao wa kunyooshea, yaani mbao mbili zilizobandikwa ngazi, na kizuizi cha nyuzi 90 juu yake. Randa inalala ubavu na kuteleza kwenye ngazi ya chini. Kazi hii inafaa sana kwa utengemao, kwani mkono mzima unasukuma randa na mkono dhaifu unabonyeza kipande kwenye kizuizi, mbali na makali. Randa ikifika mwisho wa kichwa hupasua nyuzi za ukingo. Kata pembe ya ukingo huo kidogo kwa patasi kabla ya kuanza, au uegemeze kipande cha mabaki nyuma yake.

Kosa linalorudi kila mara si kupungua kwa urefu. Kisanduku hakijali kama ukuta ni 240 au 238; kinajali kama kuta mbili zinazotazamana zimelingana. Basi viwili viwekwe pamoja, vishikwe na selotepu ya karatasi, vinyooshwe kwa pamoja. Ukipoteza milimita 2, sakafu ya plaiwudi nayo ipunguzwe milimita 2.

Gundi, na tyubu ya baiskeli

Jumatano vipande vipangwe kwanza bila gundi, pamoja na sakafu ndani ya gruvu. Ikiwa kuna mwanya sasa, gundi haitauziba. Ikikaa vizuri, weka penseli kila pembe: A kwa A, B kwa B. Akili iliyochoka husahau kipi kilikuwa wapi.

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo ya kutumia. Kwenye joto la pwani na upepo wa barazani huanza kukamata ndani ya dakika 5 hadi 10, kwa hiyo mtu wa mkono mmoja na nusu awe na msaidizi siku hii, au aunge pembe mbili leo na mbili kesho. Vichwa vya mbao hunywa gundi kwa kuwa nyuzi zake zimesimama wazi. Pakaza safu nyembamba, subiri dakika 3, pakaza tena. Aliyepakaza mara moja ataona kiungo kikavu kinachoachia kikipigwa kofi.

Klempu za kukaza kwa kuzungusha ni adui wa kiganja dhaifu. Mahali pake weka tyubu ya ndani ya baiskeli iliyokatwa ukanda wa sentimita 2 na nusu. Mwisho mmoja unabanwa chini ya kisanduku, halafu mkono mzima unazungusha ukivuta, mizunguko minne au mitano. Mpira unakaza sawasawa pande zote. Kisanduku kilazwe juu ya kigae cha sakafu kilichotandikwa karatasi ya nailoni, kisije kikakauka kikiwa kimepinda.

Mara moja, kabla gundi haijakamata, pima kutoka pembe hadi pembe. Kwa vipimo hivi ni milimita 273 kila upande. Kimoja kikisoma 275 na kingine 271, kisanduku kimelala. Sukuma pembe mbili za ule mstari mrefu kuelekea katikati hadi vilingane. Gundi iliyotoka nje ifutwe kwa kitambaa chenye maji, hasa ndani, maana ikikaukia hapo mafuta hayataingia na kutabaki doa jeupe.

Nusu saa hadi saa moja inatosha kuondoa tyubu. Lakini usikifanyie kitu hadi saa 24 zipite. Hii ndiyo siku ya kliniki, ya kwenda msibani, ya kukaa na wajukuu.

Vijiti vya mishikaki

Gundi kwenye kichwa cha mbao peke yake ni dhaifu, hata ikipakazwa mara mbili. Mafundi wa samani wangekata mkia wa njiwa, yaani kiungo cha meno yanayoingiana, nao ni mzuri, lakini unadai patasi kupigwa mara nyingi sana kwenye nafasi finyu. Uachwe hadi mkono uwe imara. Vijiti vya mianzi vya kuchomea mishikaki vinafanya kazi hiyo kwa bei ya vocha ndogo. Vingi vina unene wa karibu milimita 3, ila havilingani. Jaribu kwanza kwenye ule ukanda wa mabaki.

Toboa mashimo mawili kila pembe, kutokea nje ya ukuta mrefu kuingia kwenye kichwa cha ule mfupi: moja milimita 18 kutoka juu, jingine 20 kutoka chini, yote milimita 6 kutoka mwisho wa ukuta mrefu, yaani katikati ya unene wa ule mfupi. Kina ni milimita 25. Zungusha selotepu kwenye biti ikuonyeshe pa kukoma. Vijiti vinane vya milimita 30 vichongwe ncha, vikwaruzwe mfereji kwa kisu ubavuni, vitiwe gundi kidogo na kugongwa taratibu. Mfereji huo una kazi: kijiti kisipokuwa nao hubana gundi na hewa chini ya shimo kama bomba la sindano, na mbao ya milimita 12 hupasuka. Zikikauka, ncha zikatwe kwa msumeno na kusawazishwa.

Utaona pia vijitundu vinne vya gruvu kwenye miisho ya kuta ndefu. Chonga vipande vya milimita 4 kwa 4 kutoka mbao ile ile na uviingize kwa gundi. Kushika vipande hivyo kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono dhaifu ni zoezi ambalo wataalamu wa utengemao hulitafutia shanga na maharage.

Mfuniko ni 250 kwa 140, nyuzi zikienda kwa urefu, ukizidi kisanduku milimita 5 kila upande ili vidole vipate pa kuunyanyulia. Chini yake inabandikwa ile plaiwudi ya 213 kwa 103, nayo inaupa mfuniko mahali pa kukaa usiteleze. Gundi ipite mstari mmoja tu wa upana wa milimita 30 katikati, sambamba na nyuzi. Ukipaka plaiwudi nzima, mfuniko ukisinyaa utapinda au kupasuka. Usiulaze juu ya meza usiku kucha, uso mmoja ukiwa wazi na mwingine umefunikwa. Usimamishe kwa ukingo.

Msasa, vumbi na mafuta

Vijiti na mfuniko ni kazi ya Ijumaa. Jumamosi ni ya msasa, na msasa ndio kiini cha utengemao wote huu. Ubao uinamishwe kama nyuzi 20 mbele ya mtu, kipande kibanwe juu yake, na msasa uzungushiwe kibao kinachoenea viganja viwili. Mkono dhaifu uwe chini, mzima juu yake, na vyote visukume kupanda kisha kurudi, kiwiko kikinyooka kila mara. Wataalamu wa utengemao wamekuwa wakitumia ubao wa namna hii kwa miaka mingi. Dakika 10 namba 120, pumzika, dakika 10 namba 180, na 240 kesho yake. Daima kufuata nyuzi. Mikwaruzo ya kukatisha haionekani ikiwa mikavu, hutokea mafuta yakishapakwa.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995. Maranda makubwa ya randa hayana neno, yawe matandiko ya kuku wa jirani. Lile laini la msasa ndilo la kuogopwa, na la mvule, mkongo, mninga na mpingo huweza kuwasha ngozi, pua au kifua. Barakoa ya N95, upepo ukiwa mgongoni, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu. Mwenye pumu asidhani vumbi la paina au mtiki ni salama kwake, na aache kazi mara kifua kikianza kubana.

Kumalizia, nta ya nyuki kutoka Tabora na mafuta ya kitani yaliyotayarishwa kwa kazi ya mbao yanafaa kuliko vanishi: sehemu 1 ya nta kwa 4 za mafuta kwa uzito, zikiyeyushwa kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji moto, si juu ya moto wenyewe. Paka kwa kitambaa, subiri dakika 15, futa yote isiyoingia. Siku inayofuata rudia. Vanishi ya kupuliza hutoa mvuke unaoumiza kichwa, na wakati wa masika baadhi yake huweka ukungu mweupe.

Ndani ya kisanduku usipake mafuta ya kitani. Kukiwa kumefungwa, harufu haitoki kwa miezi, na dawa zitanuka. Acha ndani kukiwa kumepigwa msasa tu. Dawa zenyewe zibaki kwenye pakiti zake, na kisanduku kikae mahali wajukuu wasipofika.

Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani visikunjwe wala kutupwa kwenye ndoo ya taka. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandazwe kimoja kimoja kwenye kamba nje hadi viwe vikavu kabisa, au vizamishwe kwenye maji.

Majirani watakiona na oda zitakuja. Kuuza si vibaya, kuahidi tarehe ndiko kubaya: sanduku la zawadi ya harusi la Jumamosi hugeuza siku ya gundi kuwa siku ya haraka, na mapumziko yanakuwa deni. Auze vilivyokwisha tengenezwa.

Bawaba ziongezwe baadaye, labda kisanduku cha sita au cha saba, vidole vikiweza kugeuza skrubu ndogo. Za shaba za inchi 1 zinatosha, mbili kwa kila mfuniko, na hapo ile plaiwudi ya chini ya mfuniko isiwekwe na mfuniko ulingane na ukuta wa nyuma. Toboa kwanza shimo la milimita 1 na nusu. Skrubu ya shaba ni laini, ikilazimishwa kwenye mninga hukatika shingo na kubaki ndani; basi ingiza ya chuma ya ukubwa ule ule, itoe, sugua ya shaba kwenye kipande cha sabuni, kisha ndipo uiingize.